Kamusi ya Kiingereza: ipi inafafanua, ipi inamzungusha mtoto

Kila Januari malalamiko ni yale yale. Mzazi kamnunulia mtoto wa kidato cha kwanza kamusi nene, mtoto anaibeba mgongoni kila siku, na Kiingereza kimebaki pale pale. Muuzaji alimwapia kwamba ina maneno laki moja. Hiyo laki hatutaihesabu hapa, na jalada gumu na picha za rangi navyo tunaviacha. Kamusi nyingi zinakufa kwa jambo moja ambalo wanunuzi hawaliangalii: maneno yanayotumika kufafanulia maneno mengine.

Chukua "reluctant". Kamusi ndogo itakupa "unwilling, disinclined", basi. Mtoto hajui "disinclined", analifuata, anakuta "unwilling, reluctant". Karudi alikotoka. Hata kama "unwilling" analijua, hakuna aliyemwambia kwamba baada ya "reluctant" huja "to" na kitenzi, kwa hiyo kesho ataandika "reluctant of going" na maksi zitakatwa.

Dawa ilipatikana zamani. Mwaka 1935 Michael West, aliyekuwa amefundisha Kiingereza Bengal, alishirikiana na James Endicott kutoa kamusi iliyofafanua kila kitu kwa maneno 1,490 tu. Kamusi za wanafunzi mpaka leo zinakwenda kwa mtindo huo: inawekwa orodha ya maneno rahisi, na likihitajika neno la nje ya orodha, linachapwa kwa herufi kubwa zilizopunguzwa ukubwa ili msomaji alione.

Kwa hiyo ukifika dukani, mpe mtoto mwenyewe kamusi. Mfungulie "reluctant", "deny" na "eventually", asome maana zake kwa sauti. Akikwama kwenye neno moja, sawa. Akikwama kwenye mawili ndani ya maana moja, rudisha kitabu. Kisha tazama kama chini ya kila maana kuna sentensi nzima ya mfano. Bila mfano, mtoto atajua neno lakini hataweza kulitumia.

Ya kwanza, na upendeleo sifichi, ni Longman Dictionary of Contemporary English. Tangu toleo la 1978 inafafanua kwa maneno yapatayo 2,000. Maneno yanayotumika sana yamechapwa kwa rangi nyekundu, na alama S1 au W1 pembeni inakuonyesha kwamba neno limo katika 1,000 ya mwanzo kwenye mazungumzo au kwenye maandishi. Mtoto akiambiwa ajifunze maneno matano kwa siku, aanze na hayo mekundu. Toleo la sita ni la 2014, lakini la tano likipatikana kwa bei ya kueleweka, chukua. Maneno anayoyahitaji mwanafunzi wa sekondari hayajabadilika. Inapochechemea ni kwenye miti na wanyama: maneno 2,000 hayatoshi kumtofautisha ndege huyu na yule.

Ya pili ni Oxford Advanced Learner's Dictionary, kazi iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kuchapwa na Oxford mwaka 1948. Orodha yake ya kufafanulia imekuwa na maneno kama 3,000, na hiyo elfu ya ziada mtoto anayeanza anaihisi. Kwa kidato cha tatu kwenda juu, haina shida.

Collins COBUILD, iliyotoka 1987 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Birmingham, inafafanua kwa sentensi kamili: ukiwa "reluctant" kufanya jambo fulani, basi hutaki kulifanya. Neno na matumizi yake vinakuja pamoja. Anayetaka jibu la haraka itamchosha. Cambridge ni nzuri, ila tovuti yake ni ya bure. Mwenye bando hana haja ya kulipia karatasi. Za Macmillan zilizobaki madukani ni masalia, maana uchapaji ulisimamishwa miaka mingi iliyopita na tovuti ikafungwa 2023.

Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili huenda hayo maneno 2,000 yenyewe bado hana. Huyo mwongezee kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Atafute kwanza maana ya neno kwa Kiswahili, kisha asome maana ya Kiingereza, afunike kitabu na kuiandika upya kwa maneno yake. TUKI peke yake itamfanya atafsiri milele.

Kamusi za mfukoni za bei chee: za kuhakiki tahajia.

Sasa hawa wauzaji. Kitabu kimefungwa nailoni, ukiomba kufungua unaambiwa "nunua kwanza". Nguo unajaribu, kitabu cha kumlea mtoto miaka sita hukijaribu! Nailoni hiyo mara nyingi inaficha kopi feki. Kwenye feki rangi nyekundu au bluu imegeuka kijivu, na maandishi ya upande wa ndani yamemezwa na gundi. Vitabu hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kurasa zikikosekana hukosekana fungu zima: pitisha kidole kwenye namba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bei halali nayo inaumiza, na Kenya tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, halafu watu wanashangaa kwa nini feki zinauzika.

Akikataa kabisa kufungua, nenda duka jingine. Akikubali, dai risiti hata hivyo, kwa sababu kurasa zilizochapwa mara mbili utaziona ukiwa nyumbani.