Nimefunga tairi za radiali kwenye Massey 385, msimu mzima wa kulimisha Babati: mafuta, udongo na upepo

Wakuu habari, kuna watu niliwaahidi kwamba msimu ukiisha nitaandika kuhusu hizi tairi, sasa umeisha, nimekaa chini nimepiga hesabu, naandika. Trekta ni Massey Ferguson 385, ile inayovuta nyuma tu. Kazi yetu ni kulimisha kwa heka, jembe la diski tatu, haro ya kuvunja mabonge, na wakati wa mavuno tela la mahindi, tunazunguka Gallapo, Bonga mpaka Magugu. Nyuma nilikuwa na 18.4-30 za kawaida, zile madreva wanaita za nailoni, nikazitoa nikafunga radiali za saizi hiyohiyo, ubavuni zimeandikwa 460/85R30. Kwa ambao wanachanganyikiwa na hizo namba: 18.4 ni upana kwa inchi, 460 ni upana huohuo kwa milimita, 30 ni rimu, na ile herufi R ndiyo inakwambia ni radiali, ukiona kistari badala ya R ujue ni ya kawaida. Jina la kampuni sitalitaja maana ninachozungumzia ni aina ya tairi, na duka nililonunua nalo sitalitaja.

Kilichonisukuma wala sio mafuta. Kuna mama mmoja Gallapo, mteja wetu tangu enzi za mzee wangu, mwaka juzi mvua ilikata wiki tatu tu mahindi yake yakasinyaa wakati ya jirani anayelimia ng'ombe bado yamesimama. Akaniita shambani, akang'oa mhindi mbele yangu, mizizi imeshuka kama urefu wa kiganja halafu imekata kona ikalala pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, juu unanilimia vizuri, ila huku chini pamekuwa simenti." Nikachukua nondo ya milimita 10 nikaisukuma kwa mkono, udongo ulikuwa bado una unyevu, ikaingia sentimita 17 ikagoma, nikasogea hatua kumi 17 tena, nikasogea tena 18. Ni kina kilekile diski yangu inapoishia. Siku hiyo sikulala vizuri, maana hilo shamba miaka tisa mfululizo trekta iliyoingia ni yetu peke yake.

Ukilima na diski tairi moja ya nyuma inatembea ndani ya mfereji, yaani haikanyagi udongo wa juu, inakanyaga moja kwa moja ile sakafu ambayo diski imetoka kuikata na kuilainisha, tena kila mwaka kina kilekile. Ndo gamba gumu linavyojengeka. Alafu kuna jambo la upepo: udongo wa juu unabanwa karibu sawa na presha iliyoko ndani ya tairi, ukijaza psi 25 (psi ndiyo kipimo cha presha kwenye geji) udongo unakula kama 25, ukiweka 12 unakula kama 12 na kidogo, kwa sababu tairi laini inakaa chini inatandaza mguu wake sehemu kubwa zaidi. Ila kule chini zaidi, sentimita 40 na kuendelea, upepo hausaidii sana, huko kinachosukuma ni uzito mzima wa ekseli. Na pasi ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, tairi ikishapita mara moja sehemu kubwa ya madhara imeshatokea, kwa hiyo bora dreva apite njia ileile kuliko kuzurura shamba zima anapogeuza au anapofuata maji ya kunywa.

Sasa tairi zenyewe. Radiali ubavu wake ni laini, nyuzi zimepangwa kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine moja kwa moja, halafu chini ya kashata, yale meno ya tairi, kuna mikanda inayoshikilia uso usijikunje, kwahiyo ubavu unabonyea lakini kashata zinabaki zimelala vizuri ardhini. Ya kawaida nyuzi zinapishana mshazari, ubavu na uso ni kitu kimoja kigumu, ukipunguza upepo sana inajikunja, inachemka, inakufa mapema. Ndo maana za zamani nilikuwa naziendesha psi 20 na hizi nafanya kazi ya diski kwa psi 12. Ubavuni imeandikwa 145A8, maana yake kila tairi inabeba kilo 2900 kwa spidi ya kilomita 40 ikiwa imejaa presha yake kamili, trekta yangu na diski ikiwa imenyanyuliwa haifiki nusu ya hiyo kwa kila tairi, kwa hiyo 12 kwa kazi ya shambani ni salama kabisa. Lakini usinakili namba yangu kama una trekta nyingine au unabeba kitu kizito, omba jedwali la uzito na presha la tairi yako. Mimi duka lile halikunipa, wala fundi wao hakujua lipo, walinijazia psi 30 wakaniambia "nenda tu bosi", na hapo ndipo nawapunguzia maksi nyingi sana. Umeuziwa tairi ya bei kubwa ambayo faida yake yote iko kwenye upepo mdogo halafu anayekuuzia anaijaza kama ya Fuso. Jedwali nimelitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya watengenezaji, kila kampuni kubwa inalo.

Kipimo. Nilikuwa na shamba la heka 20, nikalima heka 10 na tairi za zamani, nikabadilisha, nikamalizia heka 10 wiki hiyohiyo kabla mvua kubwa haijashuka, gia ileile, dreva yuleyule, kina kilekile. Tenki nilijaza mpaka shingoni kabla na nikajaza tena baada. Za zamani: lita 76. Radiali: lita 67. Karibu asilimia 12. Niwe mkweli, zile za zamani kashata zilikuwa zimefika nusu, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ni upya wa tairi, ungefunga nailoni mpya nayo ingepunguza kiasi fulani. Bado ni nyingi.

Mafuta yalikuwa yanaenda wapi, hilo unaweza kupima mwenyewe kwa chokaa tu. Weka alama kwenye tairi, lima na diski ikiwa chini, hesabu mizunguko 10, piga kigingi mwanzo na mwisho. Rudi, pita umbali uleule diski ikiwa juu, hesabu tena. Mimi na tairi za zamani nilipata 8, yaani kwenye kila mizunguko 10 miwili ilikuwa inateleza bure, dizeli inaungua trekta haisogei. Na radiali nikapata 8 na robo tatu. Kwa trekta ya kuvuta nyuma kwenye shamba, kuteleza kwa asilimia 10 mpaka 15 ndo kuzuri. Kuteleza kukiwa chini ya asilimia 8 hivi nako usifurahi, maana yake umebeba uzito kupita kiasi na unachoma mafuta kuusafirisha tu, na udongo unaumia. Kuteleza sio hasara ya mafuta peke yake, tairi inayoteleza kwenye udongo wenye maji inaupaka na kuulainisha kama mfinyanzi anavyolainisha chungu, vitundu vyote vinazibwa, maji ya mvua inayofuata hayapiti. Huku kwenye udongo wetu wa mfinyanzi hilo linaonekana kwa macho, madimbwi yanakaa kwenye njia ya tairi siku mbili.

Fundi alitaka kunijazia maji kwenye tairi mpya kama zilivyokuwa za zamani (hii saizi inabeba zaidi ya lita 250 kwa kila tairi), nikakataa. Maji yanaufanya ubavu uwe mgumu, unapoteza kile ulicholipia. Nimefunga vyuma kwenye rimu, ukipenda unavitoa siku ya haro.

Mabaya yapo. Ubavu laini unamaanisha kisiki kikikupata kimekupata, na huku tuna watu wanafungua mashamba mapya yenye visiki vya migunga, nimechanika mara moja mwezi wa kwanza tu na kidonda cha ubavuni sio pancha ya kuziba na kiraka cha barabarani, kilipelekwa kuchomwa mjini, siku mbili trekta imelala katikati ya msimu. Mashamba ya aina hiyo kama ndo kazi yako kubwa, baki na nailoni, nasema kwa dhati. Kwenye miteremko ya kule Bonga nako utaona trekta inayumba kidogo ikiwa na upepo mdogo, nikienda huko naongeza mpaka 16. Na barabarani lazima upandishe, ukitembea kilomita 30 za lami na psi 12 kashata zinalika haraka, kwahiyo nilinunua kompresa ndogo ya kufunga kwenye trekta na geji nzuri inayosoma presha za chini, geji za kwenye gereji nyingi ukifika chini ya 15 zinakudanganya tu.

Kuna jingine lilinisumbua sana mwanzoni. Radiali ikiwa na upepo sahihi inaonekana kama imepungukiwa, ubavu umevimba shavu. Dreva wangu alisimamishwa na kila mtu, "mzee tairi imeisha upepo hiyo", siku moja akapita kwa fundi akajaza mpaka 28 kwa nia njema kabisa. Nikashangaa kwanini heka sita za siku hiyo zimekula mafuta kama zamani. Nikakaa naye, tukafanya kile kipimo cha mizunguko pamoja, akaona kwa macho yake, tangu siku hiyo yeye ndo anawafundisha wengine.

Bei: kwa pea nilitoa kama milioni 1 na laki 3 zaidi ya ambayo ningetoa kwa nailoni mpya. Ninaokoa lita 0.9 kwa heka, msimu huu tumelima heka 410, hiyo ni lita 369, kwa bei ya dizeli ya huku ni zaidi ya milioni moja. Kwa mwenye heka 100 kwa mwaka hesabu hiyo haitoki haraka, ashushe kwanza upepo wa tairi alizonazo mpaka kiwango cha chini kinachoruhusiwa, geji tu na dakika kumi, utaona tofauti.

Na jamani tela. Tunahangaika na tairi za trekta halafu wakati wa mavuno tunaingiza shambani tela la tani tano lenye tairi nyembamba za lori zimejazwa psi 60, mvua za mwisho bado zinanyesha. Hilo linafanya madhara kuliko trekta yote. Msimu huu nimewaomba wateja tubebe magunia kwa punda au mkokoteni mpaka pembeni ya shamba, tela lisubiri barabarani, wengi wamekubali.

Kwa yule mama nilirudi mwezi wa saba na nondo yangu. Sentimita 18. Tairi haivunji gamba lililojengwa miaka tisa, inachofanya ni kutoliongeza kwa kasi ileile. Sasa hivi udongo umekauka vizuri, wiki ijayo naenda kumpitishia ripa, lile jembe la kupasua gamba, sentimita 35, bure, halafu tumekubaliana mahindi achanganye na mbaazi maana mzizi wa mbaazi unashuka mbali, na mwaka huo diski isiingie kabisa pale. Nikipima tena nondo baada ya mavuno nitaandika imefika ngapi.