Koti la viraka kwenye televisheni: filamu mbili za utoto wa Dolly Parton

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, na redio ya kibandani kwangu Jumapili ni muziki wa kantri mpaka nifunge. Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, namjua kwa sauti tangu utotoni. Kwa hiyo filamu mbili ambazo NBC, televisheni ya Marekani, ilionyesha kuhusu utoto wake nilizisubiri kwa hamu, nikazitazama kwa jicho kali. Dolly Parton's Coat of Many Colors ilionyeshwa Desemba 2015. Christmas of Many Colors: Circle of Love ikafuata Novemba 2016. Mwongozaji ni yule yule, Stephen Herek, na waigizaji wakuu hawakubadilika. Lakini ya kwanza imeizidi ya pili kwa mbali.

Tuko kwenye milima ya Great Smoky, Tennessee, mwaka 1955. Baba, Robert Lee, ni mkulima wa tumbaku. Mama, Avie Lee, ana watoto tele na mwingine yuko tumboni. Dolly, msichana wa miaka tisa, ameahidiwa kwamba huyo atakuwa mtoto wake wa kulea. Halafu mtoto anazaliwa na kufariki. Hilo halikutungwa: akina Parton kweli walimpoteza mdogo wao Larry mwaka huo.

Wimbo wa Dolly wa 1971, Coat of Many Colors, unasimulia koti la viraka aliloshonewa na mama na watoto wa shule waliolicheka. Nilidhani filamu itapita humo humo. Kumbe imekaa sana na msiba. Jennifer Nettles, mwimbaji wa kundi la kantri la Sugarland, anamwigiza mama aliyezimika kabisa, yupo nyumbani na hayupo. Mumewe anampenda ila hana la kumwambia, na ugomvi wake na kanisa, ilhali baba mkwe ni mchungaji, unazidi kuwatenga. Hapo nililia. Nimeshonea wafiwa nguo za matanga, wanasimama kupimwa bila kusema neno, na Nettles amewaigiza sawasawa.

Ndiyo maana mama anaposhika tena sindano na kuunganisha vipande, huku akimsimulia Dolly habari za Yusufu na vazi lake la rangi nyingi, koti lina uzito. Kuunga viraka si kazi ya mchezo, jamani. Kitambaa hiki kinavutika, kile kinarudi kikifuliwa, na usipovipanga vizuri bega linapinda. Ningetamani kamera ikae zaidi kwenye ile mikono. Na nguo za familia hii ni safi mno kwa watu wanaolima tumbaku. Hata nywele za mama zimetengenezwa mno.

Alyvia Alyn Lind, anayemwigiza Dolly, ana kiburi kile kile kizuri cha mtoto anayejua ataimba. Koti linapochekwa shuleni, uso wake unaanza na mshangao kabla ya uchungu, kwa sababu yeye aliingia darasani akijiona tajiri. Dolly mwenyewe anasimulia, na sauti yake inafaa kabisa. Huyu ndiye aliyeandika maneno ya wimbo huo kwenye risiti ya dobi ya mwimbaji mwenzake Porter Wagoner, wakiwa safarini ndani ya basi. Mimi fundi, habari hiyo naipenda kupita kiasi.

Ya pili ni ya Krismasi: baba na watoto wanajinyima ili mama apate pete ya ndoa ambayo baba hakumudu walipooana, kisha dhoruba ya theluji inawakumba. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy, lakini kwangu theluji imechukua nafasi ya watu. Kinachoiokoa ni pete, na Dolly mkubwa akijitokeza kama yule mwanamke wa mjini mwenye vipodozi ambaye Dolly mdogo anamtamani huku wakubwa wakimnyooshea kidole.

Anza na ya kwanza. Ukiwa na watoto, waambie mapema kwamba kuna kifo cha kichanga, na ukae nao. Ya pili iache hadi Desemba.