Safari ya kupanda Karthala kutoka Mombasa: nyota nne, ya tano imepotea kwenye maji

Nimerudi wiki iliyopita, viatu bado vina lile vumbi jeusi, naandika mapema maanake watu kadhaa hapa Old Town washaniuliza safari ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ikoje. Tulikuwa wanne, tulilipia kwa ofisi moja ya safari hapa Mombasa, tukabadilisha ndege Nairobi mpaka Moroni.

Karthala ni mlima wa volkano, una mita 2,361. Tuliondoka kijiji cha Mvouni alfajiri, kwanza mashamba, halafu msitu wenye ukungu, halafu vichaka na jivu, alasiri ndo tukafika ukingoni. Wallahi nilinyamaza. Mimi nlitarajia shimo kama kisima kikubwa hivi, kumbe ni bonde zima limezama, kama kilomita 3 kwa 4, na shimo lenyewe la Chahalé liko humo ndani.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni yule kijana wa hukohuko aliyetuongoza. Tulimwita fundi, na kwao fundi ni mwalimu, jina lilimkaa kabisa. Alichota jivu kiganjani akatueleza, mlima huu una hasira za aina mbili. Kuna lava, yaani mwamba ulioyeyuka, yatiririka kama uji mwepesi kufuata mteremko, 1977 ilipasukia ubavuni huko chini ikafunika nyumba za kijiji cha Singani. Halafu kuna ule moto wa chini ukikutana na maji, yanageuka mvuke kwa ghafla na kurusha mawe na jivu juu, ndo yaliyotokea 1991 na tena 2005, na 2005 ilikuwa mara mbili, Aprili na Novemba. Sasa fikiria, Ngazidja haina mito, mvua ikinyesha mwamba unaifyonza, watu wanakinga maji kwenye matangi, jivu likishuka humo mtoto utampa maji gani? Hapo ndo nlielewa kwa nini wenyewe wakisimulia 2005 wanaanza na matangi kabla ya moto. Akatutajia na 1903, watu 17 walikufa kwa hewa ya sumu iliyotoka kwenye nyufa. Alisema polepole, tukawaombea.

Lugha haikusumbua, Shingazidja, lugha ya hukohuko, na Kiswahili ni ndugu.

Sasa malalamiko. Ile ofisi ilituhakikishia maji tutayapata njiani, hakuna hata tone, kila mtu alikuwa na chupa moja na mchana tushaimaliza, fundi ndo akatugawia yake mpaka akabaki na kidogo sana. Hilo limeniuma, mtu anayepeleka watu mlimani lazima ajue kitu kama hicho.

Ukienda beba lita 5 zako, sweta nzito maanake usiku huko juu ni baridi kweli, na uombe kulala juu usiku mmoja. Enda kati ya Mei na Oktoba mvua ikiwa imepungua. Na mwulize fundi habari za 2006, lava ilivyojaa Chahalé ikawa ziwa, sisi alitusimulia usiku kwenye hema na hakuna aliyetaka kulala.