Siku 33 nyubon: uzoefu wangu na huduma ya kangaruu, Kisumu

Nyubon ni wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, na kangaruu ni kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Hospitali siitaji. Nina ya kusifu na ya kulalamikia, na wauguzi walewale walioniudhi ndio walionilelea mwanangu aliyezaliwa kabla ya wakati. Ni hapa Kisumu, inatosha. Ningepewa nyota tano za kugawa, huduma ya mtoto ningeipa nne. Huduma ya mama ningeipa moja, tena kwa huruma.

Chupa ilipasuka usiku nikiwa nyumbani Nyalenda, mimba ikiwa na wiki 31. Uchungu hakuna, maji tu. Mama mkwe akasema nilale, asubuhi tutaona. Sikulala. Nilipofika hospitalini hawakukimbilia kunizalisha, na kwa hilo nawashukuru hadi leo. Daktari alinieleza kwamba kila saa mtoto atakayokaa ndani ni faida, nikaanza kudungwa dexamethasone, sindano nne, moja kila baada ya saa 12, za kukomaza mapafu yake kabla hajatoka. Mimi nilipata tatu. Ya nne hakuisubiri.

Gramu 1,380. Shika pakiti ya unga ya kilo mbili, umwage thuluthi yake, kinachobaki mkononi ndiye huyo.

Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa na mipira miwili puani, na mpira mwingine umetoka kwenye mashine ukaingia ndani ya chupa ya maji iliyofungwa kando ya kitanda. Maji yale yanatokota mchana kutwa, usiku kucha, kama sufuria ya maharagwe kwenye moto mdogo. Nilidhani ni mashine imeharibika. Sista akaniambia, "Mama wa nane, ukisikia maji yanachemka, furahi. Yakinyamaza ndiyo uniite." Ile hewa inasukumwa ili vifuko vya mapafu visijikunje kila anapotoa pumzi. Hata yeye, pamoja na mashine, alikuwa akisahau kupumua. Yaani anasahau tu. Sista anapitisha kidole kwenye wayo wake, anashtuka, anaendelea. Walimpa na dawa ya kafeini, jamaa yake hii ya kwenye kahawa, ya kumkumbusha.

(Ndiyo, tuliitwa kwa namba za inkubeta. Mimi Mama wa nane, rafiki yangu hadi leo ni Mama wa kumi na moja. Siku stima ilipopotea na jenereta ikachelewa kidogo, namba zote tulisimama pamoja.)

Sasa maziwa. Hapa ndipo ningependa kila mama asome polepole, kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla. Mtoto wa wiki 31 hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo analishwa kwa mrija mwembamba unaofika tumboni, kila baada ya saa tatu. Maziwa ni ya kwako, unakamua kwa mkono. Saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili alfajiri, hivyo hivyo hadi uzunguke. Siku ya kwanza nilikaa karibu saa nzima nikapata mililita tatu za dang'a, zito, manjano kama ute wa yai. Nikalia. Sista mmoja mzee, mkali, yule ambaye wote tulimwogopa, akakiinua kikombe kwenye taa akasema, "Hii ni dhahabu, na ndiyo anayohitaji leo." Akanionyesha: vidole nyuma ya lile duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, usivute chuchu. Kosa langu lilikuwa kuvuta. Siku ya nne maziwa yalikuwa yanaruka hadi kwenye miwani yangu.

Na kumlisha kwenyewe hakuna kusukuma. Unatoa kile kijiti cha bomba la sindano, unaunganisha bomba na mrija, unamimina, unainua juu kidogo, maziwa yanashuka yenyewe. Yakienda mbio, shusha mkono. Baada ya wiki moja nilikuwa namlisha mwenyewe, sista akisimama nyuma yangu.

Jambo walilonikosea: hakuna aliyenionya kwamba mtoto hupungua kwanza. Siku ya tano mizani ikasoma 1,270. Nilipiga simu nyumbani nikisema tumempoteza. Kumbe kupungua hivyo siku za mwanzo ni kawaida, maji yanatoka mwilini, na alirudi gramu zake za kuzaliwa baada ya wiki mbili. Sentensi moja tu ingeniokolea usiku mzima. Siku hizo hizo akawa manjano, akawekwa chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa. Kile kitambaa kiliteleza mara mbili kikashuka puani, na mara zote mbili ni mama wa jirani aliyeona, si muuguzi. Muuguzi mmoja, watoto wengi. Sihukumu, nasema nilichoona. Inkubeta pia zilikuwa chache, na kwa siku tatu mwanangu alilala na mwenzake ndani ya moja.

Kangaruu tulianza siku ya tisa. Mtoto anavuliwa, anabaki na napi, kofia na soksi, anawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama chura, kisha unafungwa leso kwa nguvu mpaka uhisi moyo wake. Unakaa hivyo, saa nyingi kadiri unavyoweza, si dakika kumi za kupiga picha. Siku ile ya kwanza mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa inarukaruka hewani, ilitulia. Nikaona na kwenye mashine, pumzi zimekaa sawa. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, madaktari walipokuwa na watoto wengi kuliko inkubeta. Shida yetu kabisa.

Baadaye, nikiwa nyumbani, nilisoma kwenye simu kuhusu utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa uzito kama wa wangu. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watengemae kwanza, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo. Nikajiuliza kwa nini mimi nilingoja siku tisa. Jibu nalijua, maana niliuliza wakati ule: hapakuwa na kitanda cha mama.

Ndiyo ile nyota moja. Nilipotolewa wodi ya wazazi, kati ya zamu za kulisha nililala kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa nyubon, nyuzi za kushonwa zikiniuma, mkoba ukiwa mto. Tulikuwa sita au saba hapo. Usiku upepo wa ziwani unapita kwenye korido ile kama umeitwa. Mama aliyelala kwenye benchi hana maziwa saa tisa usiku, na mama asiye na maziwa anaambiwa ana mawazo mengi. Kitanda cha kangaruu kilipopatikana ndipo nilipolala kwa mara ya kwanza, mtoto kifuani, na uzito ukaanza kupanda gramu 20, 25 kwa siku.

Baba yake naye alifundishwa. Jumapili ya kwanza alikuja na jezi ya Gor Mahia, haina kifungo hata kimoja, akalazimika kuivua yote mbele ya akina mama kumi. Aliona haya dakika tano. Baada ya hapo ilikuwa vita kumtoa kwenye kiti.

Tulitoka siku ya 33 na gramu 1,830, ananyonya mwenyewe, nyingine kwa kikombe. Kabla ya hapo alipimwa macho, kwa sababu mishipa ya ndani ya jicho la mtoto wa namna hii inaweza kukua vibaya, hasa kama oksijeni ilizidi. Msidharau tarehe hiyo mkishapewa. Stevie Wonder alipoteza macho kwa njia hiyo hiyo.

Wenzetu Tanzania huwaita watoto hawa njiti. Sisi hatuna jina zuri, tunasema tu "yule wa kabla ya wakati", na majirani huhesabu miezi kama ya watoto wengine. Sasa ana miezi saba na hajakaa. Kliniki wamenifundisha kutoa ile miezi miwili aliyokosa, kwa hiyo kwa hesabu yao ana mitano, na wa miezi mitano hana deni na mtu. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya kitabu chake, na mama mkwe akianza namfungulia ukurasa.

Kama unaenda: leso tatu, blauzi ya vifungo, sweta nzito, chupa ya uji. Na uliza kuhusu kitanda siku ya kwanza, kabla hujauliza kingine chochote.