Ukurasa wa mapato wa YouTube Studio: namba zake ni za kweli, ila hausemi yote

Anayetaka kujua kama chaneli yake ya YouTube imefikia hatua ya kulipwa hana haja ya kuuliza kwenye magrupu ya WhatsApp, wala ya kumtumia mtu shilingi elfu kumi "aikague". Ukaguzi wenyewe umo ndani ya YouTube Studio, ni wa bure, na ndio unaosoma namba zile zile zitakazotumika siku ya kuamua. Tunautathmini hapa ukurasa huo wa mapato: unaonyesha nini, unanyamazia nini, na kwa nini wapo wanaofikisha namba zote kisha wakakataliwa.

Kwenye simu unahitaji programu ya YouTube Studio, siyo ile ya kutazamia video. Ifungue, gusa alama ya dola iliyo kwenye mstari wa chini. Kwenye kompyuta ingia studio.youtube.com, alama hiyo hiyo utaikuta kwenye menyu ya kushoto. Kabla ya kusoma chochote, gusa picha ya wasifu uhakikishe uko kwenye chaneli unayoikusudia. Mwenye chaneli mbili chini ya barua pepe moja hujikuta anakagua ile tupu na kukata tamaa bure.

Utakutana na vipimo viwili. Cha kwanza ni wafuatiliaji: 1,000. Cha pili kina njia mbili, na unachagua moja tu: saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita kwa video ndefu, au Shorts, yaani video fupi za wima, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90 zilizopita. Njia hizo hazichanganywi. Huwezi kuleta saa 2,000 na nusu ya Shorts ukasema umefika. Tangu 2023 kuna pia ngazi ya chini: wafuatiliaji 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na ama saa 3,000 ama Shorts kutazamwa mara milioni 3. Ngazi hiyo inafungua michango ya mashabiki, yaani uanachama wa kulipia, Super Chat na Super Thanks, lakini mgawo wa matangazo haumo. Wengi husherehekea 500 wakidhani matangazo yameanza kulipa. Bado.

Saa 4,000 zinatisha kwa sababu watu hawazipigii hesabu. Ni dakika 240,000. Kama mtu wa kawaida anakaa dakika 3 kwenye video yako, unahitaji kutazamwa mara 80,000 kwa mwaka, takriban mara 219 kwa siku kwa video zote kwa pamoja. Akikaa dakika 6, hitaji linashuka hadi 40,000. Kwa hiyo chaneli ya mapishi au ya ufundi wa simu yenye video za dakika kumi hufika mapema kuliko ya vichekesho vya dakika moja, hata kama ya vichekesho ina wafuatiliaji wengi zaidi.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya kila siku: "Takwimu zinaniambia nina saa 5,200, ukurasa wa mapato unaniambia 3,100. YouTube wananiibia." Hakuna wizi. Ukurasa wa takwimu unajumlisha kila dakika, ila ule wa mapato unahesabu saa halali za hadharani tu. Ukichuja, hizi zinaanguka: muda wa Shorts zilizotazamwa ndani ya mkondo wa Shorts, muda wa video za faragha na zile zinazoonekana kwa mwenye kiungo pekee, video ulizofuta, na muda uliotokana na matangazo uliyoyalipia ili video ionekane. Matangazo mubashara yanahesabiwa pale tu unapoacha rekodi yake hadharani. Mwenye kurusha mawaidha ya saa mbili kila Ijumaa, kisha akaificha rekodi ili chaneli "isijae", anazika saa zake kwa mkono wake mwenyewe. Anayeibadilisha video ya zamani kuwa ya faragha kwa sababu anaionea aibu, naye anapoteza saa zake zote.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kwamba namba inaweza kurudi nyuma. Miezi 12 si mwaka wa kalenda, ni siku 365 zinazosogea kila usiku. Video iliyovuma mwaka jana Ramadhani itaanza kutoka kwenye hesabu Ramadhani hii, na kipimo kikashuka kutoka 3,900 hadi 3,200 bila kosa lolote. Kwa Shorts ni kali zaidi, maana dirisha ni siku 90 tu. Ndiyo maana kitufe cha kuomba ujulishwe kwa barua pepe utakapofikisha namba kina thamani kuliko kinavyoonekana. Kibonyeze leo, na barua ikifika tuma ombi siku hiyo hiyo.

Chini ya vipimo kuna orodha fupi ambayo watu huipita bila kuisoma. Uthibitishaji wa hatua mbili lazima uwe umewashwa kwenye akaunti ya Google. Chaneli isiwe na onyo hai la kukiuka Mwongozo wa Jumuiya. Onyo hukaa siku 90, na kufuta video husika hakuliondoi, bora usubiri au ukate rufaa. Na uwe na uwezo wa kutumia vipengele vya juu, ambao hupatikana kwa kuthibitisha namba ya simu na kisha ama kitambulisho, ama video ya uso, ama historia nzuri ya chaneli.

Nchi nayo ikague. Ipo kwenye mipangilio, sehemu ya chaneli, taarifa za msingi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo kwenye Mpango wa Washirika wa YouTube, ndio huu wa kulipwa tunaouzungumzia, kwa hiyo ukiambiwa mpango haupatikani kwako na uko Dar au Kampala, sababu ya kwanza ya kushuku ni nchi iliyochaguliwa vibaya, hasa kama chaneli ilifunguliwa na mtu mwingine au ilinunuliwa.

Mpaka hapo ukurasa unastahili sifa: namba zake ni za kweli, ni bure, na masharti yameandikwa bila kuzunguka. Kasoro yake kubwa ni kwamba haukuambii chochote juu ya uhalisi wa maudhui, na hapo ndipo maombi mengi yanapokwama. Vipimo vyote viwili vinaweza kujaa, orodha yote ikawa na alama ya tiki, kisha mkaguzi akakataa chaneli nzima kwa maudhui yaliyotumika tena.

Kwetu huku mifano haitafutwi mbali. Vipande vya filamu za Kibongo vilivyounganishwa. Mhadhara mmoja wa shehe uliopakiwa na chaneli ishirini, kila moja na picha yake ya jalada. Nyimbo za taarab na kwaya juu ya picha iliyoganda. Magoli ya Simba na Yanga yaliyorekodiwa kwenye runinga. Habari zilizonakiliwa magazetini na kusomwa na sauti ya kompyuta juu ya picha za Google. Na hapa kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: ruhusa ya mwenye kazi haikuokoi. Hata kama shehe mwenyewe amekuandikia barua ya kukuruhusu, sera ya maudhui yaliyotumika tena inakuhusu vilevile, kwa sababu haiulizi hakimiliki. Inauliza wewe umeongeza nini. Ruhusa itakukinga na dai la hakimiliki, lakini kulipwa ni suala jingine. Julai 2025 YouTube ilibadilisha pia jina la sera jirani yake, ile ya maudhui yanayojirudia, ikaiita ya maudhui yasiyo halisi. Inawagusa wanaozalisha video kwa wingi kwa kiolezo kimoja.

Kwa vile ukurasa haukukagulii hili, jikague mwenyewe kwa macho ya mkaguzi. Mkaguzi haangalii video zote. Anaanzia kwenye mada kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi, zile mpya, zile zilizobeba sehemu kubwa ya muda wa kutazamwa, kisha vichwa, maelezo, picha za jalada na sehemu ya kuhusu chaneli. Fungua takwimu, panga video kwa muda wa kutazamwa, tazama kumi za juu. Kama saba kati yake si sauti yako, uso wako, kamera yako wala uchambuzi wako, usitume ombi bado, hata vipimo vikiwa vimejaa pomoni. Tatizo ni kwamba ukizifuta, saa zake zinaondoka nazo. Mara nyingi njia ya haki ni kujenga video nyingine kwanza mpaka zibebe uzito, ndipo uziondoe zile.

Ombi lenyewe lina hatua tatu: kukubali masharti, kuunganisha AdSense ya YouTube (akaunti ya Google ya kupokelea malipo), kisha ukaguzi, ambao kwa kawaida huchukua karibu mwezi mmoja. Hatua ya pili ndiyo yenye mtego. Mtu mmoja anaruhusiwa akaunti moja tu ya AdSense. Kama uliwahi kuifungua zamani kwa ajili ya blogu ukaisahau, mpya itakataliwa kwa kuwa ni ya pili. Itafute ya zamani, iunganishe hiyo au ifunge kwanza. Nchi ya akaunti ya AdSense nayo haibadiliki baada ya kufunguliwa, kwa hiyo aliyeifungua akiwa Muscat na sasa amerudi Mombasa atalazimika kuifunga na kuanza upya. Asiyetimiza miaka 18 atatumia ya mzazi au mlezi.

Ukikataliwa, barua itataja sera uliyovunja, lakini haitakunyooshea kidole video moja moja. Una siku 21 za kukata rufaa. Usipokata rufaa au ukishindwa, unaomba tena baada ya siku 30, na kama umekataliwa zaidi ya mara moja, kusubiri kunakuwa siku 90.

Ukikubaliwa, YouTube inakupa asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na 45 kwenye Shorts. Pesa haitoki mpaka ifike dola 100, na malipo hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 za mwezi. Salio likifika dola 10, Google inatuma PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa posta ya kawaida, wiki mbili hadi nne. Andika S.L.P. unayoifungua kweli. Miezi minne ikipita bila kuingiza PIN, matangazo yanasimama. Barua ikipotea unaomba nyingine, na zikiendelea kupotea kuna njia ya kuthibitisha kwa kitambulisho. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN kwa mtu binafsi. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo asilimia 30 inakatwa, ila kwenye kile tu kilichotoka kwa watazamaji walioko Marekani. Usipojaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Kwa chaneli ambayo watazamaji wake wako Mwanza na Kisumu, hiyo ni hasara ya kujitakia.

Kupita YouTube hakukuondolei wajibu wa nyumbani. Tanzania, anayechapisha habari mtandaoni anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni, na hilo YouTube hawatakuuliza.

Vipi zile tovuti za nje ambapo unabandika kiungo cha chaneli yoyote na kuambiwa "inalipwa" au "hailipwi"? Nyingi huchungulia msimbo wa ukurasa kutafuta dalili ya matangazo, na dalili hiyo ilipoteza maana Novemba 2020, YouTube ilipoanza kujipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye video za chaneli zisizo kwenye mpango. Tangazo linaonekana, mwenye video hapati senti. Ukitaka kuipima chaneli ya mtu mwingine kwa jicho tu, kitufe cha kujiunga kuwa mwanachama ni ushahidi mzuri zaidi. Tovuti ikikuomba nenosiri au msimbo wa SMS, funga. Wauza masabskraiba nao waache: wafuatiliaji feki husafishwa, na walionunuliwa hawaleti saa.

Facebook wanafanya ukaguzi wao kwenye dashibodi ya kitaalamu, sehemu ya mapato, na kwa jambo moja wanawashinda YouTube: ukiukaji unaokuzuia unaorodheshwa pale pale, pamoja na nafasi ya kupinga. Kasoro yao ni kwamba mpango wao wa mapato ya maudhui, uliotangazwa Oktoba 2024 kuunganisha matangazo ya video, ya Reels na bonasi, umekuwa ukifunguliwa kwa mialiko, hivyo unaweza kuwa safi kabisa na bado ukaona mlango umefungwa.

TikTok hapa tusipoteze muda. Mpango wao wa zawadi za watayarishi unadai wafuatiliaji 10,000, kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30 na video za zaidi ya dakika moja, lakini Tanzania, Kenya na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi zake. Kubadilisha SIM na VPN ili uonekane uko Uingereza kunaishia kwenye malipo kuzuiwa, maana kitambulisho na akaunti ya benki vitakuumbua.