Kidole tumbo: mwanamume na mwanamke hawafiki kwa njia moja

Maumivu ya kidole tumbo kilichovimba huanza kitovuni, kisha hushuka kulia, chini ya tumbo. Kwa mwanamume, daktari akibonyeza hapo, na mgonjwa akaruka kwa maumivu mkono wa daktari unapoondolewa, safari ya chumba cha upasuaji huwa fupi. Takwimu za Marekani huonyesha wanaume huugua zaidi kidogo: takriban 8.6% maishani, wanawake 6.7%.

Mwanamke ana njia ndefu. Jirani na kidole tumbo kuna ovari na mrija wa uzazi. Ovari ikijisokota, au mimba ikitunga nje ya kizazi, huuma vilevile. Ndiyo maana wanawake wengi zaidi hupasuliwa na kidole tumbo kikakutwa hakina ugonjwa. Kipimo cha mimba na ultrasaundi kwanza, jamani! Lakini mjamzito asicheleweshwe: kidole tumbo kikipasuka, mtoto yuko hatarini.