TAHADHARI: muuza enjekteri wa Birere, amenikula dola 140

Ba ndugu, munisikilize kwanza, mutacheka kisha. RAV4 yangu, ile ile munayoijua, ralanti (ule mungurumo wa moteri gari ikiwa imesimama) ilikuwa inapanda inashuka, moshi mweusi nyuma, asubui inagoma kuwaka. Nikajifanya fundi mimi mwenyewe nikasema ni enjekteri, vile vidude vinavyopulizia moteri esanse.

Nikaingia Birere, mutaa wa biashara hapa Goma. Yule papa sikumwamini bure, mutu muzima, lunete, Biblia juu ya meza, tena alinikataza zile za dola 15, eti "mwanangu, hizo zitakuunguza". Mwizi gani anakukataza kitu cha bei chini? Akatoa boksi, akapasua nailoni na ukucha polepole, akapangusa moja na kitambaa ikang'aa. Kisha waya mbili kwa bateri: tik. Tena: tik tik. Akanipa niishike mwenyewe, nikasikia inaruka mu vidole. Hapo njo nilikwisha. Dola 35 kila moja, zote ine, risiti sikuomba. Kijana wake akazifunga pale pale njiani, na zile zangu za zamani papa akasema atanitupia, nikamwambia aksanti. AKSANTI!!!

Ralanti? Vile vile. Siku ya tatu, karibu na rond-point Chukudu, mama mumoja nyuma ananiambia "shofa, esanse inanuka". Nafungua kapo, esanse inadondoka tone tone toka kwa rampi, ile bomba inayogawia enjekteri esanse, juu ya moteri inachemka. Ningewaka na abiria wangu! Gari ikasukumwa na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na yeye pia akanicheka.

Fundi wa Katindo akachomoa moja, akanionyesha: mipira ya kichwa ni ya bomba ya maji, esanse imeivimbisha, na pale presha inafika karibu bar 3, itakosa kuvuja? Kichujio cha ndani rangi ya chai, enjekteri ni mzee zimeoshwa tu. Na ile tik tik inaonyesha umeme unafika, haisemi kama inavuja. Kisha akachomoa tuyo mudogo (kamupira) ya regilateri, kile kinachopima presha ya esanse, esanse ikamwagika kwa mukono wake. Membrani, ngozi ya ndani ya regilateri, imepasuka, moteri inakunywa esanse kupitia pale, njo ile ralanti na ule moshi. Enjekteri zangu hazikuwa na shida hata kidogo.

Nilirudi, papa ananiangalia usoni: "sikujui". Mutu kama huyu afungwe, duka ipigwe kofuli, akalishwe juu ya moteri yangu ikiwa ya moto tuone kama Biblia itamusaidia. Bibi yangu hanisemeshi tangu juzi.

Mukinunua enjekteri, muangalie plagi yake, pale waya zinaingia, kama iko na mikwaruzo muache. Muchungulie kichujio. Na kabla ya yote munuse ile tuyo ya regilateri kama iko na esanse, ni bure.

Na kama kuna mutu ameuziwa enjekteri ine "mupya", moja iko na alama ya koleo pembeni ya plagi, hizo ni zangu. Ziko nzima. Tuongee.